Namna ya kuagiza vifaa vya umeme visivyo na kemikali zilizozuiwa: kuanzia oda hadi ghalani

Mwishoni mwa mwaka 2001 mamlaka za Uholanzi zilizuia takriban mashine milioni 1.3 za michezo aina ya PlayStation. Mashine zilikuwa nzima na zilifanya kazi ipasavyo. Kilichozikwamisha ni kadimiamu iliyozidi kiwango kwenye waya zake, na waya hizo Sony ilizipata kwa muuzaji wa vipuri. Kampuni kubwa kiasi hicho, yenye wahandisi wa kila namna, ilikwama kwa sababu ya ganda la waya.

Kila anayeagiza vifaa vya umeme na elektroniki yuko katika hatari hiyohiyo, awe analeta kontena zima la majiko ya umeme au katoni chache za taa za LED. Wengi hujikinga kwa kuomba kiwandani "cheti cha RoHS" (RoHS ni kifupi cha Kiingereza cha sheria ya kuzuia kemikali hatari kwenye vifaa vya umeme na elektroniki), wanakipata siku hiyohiyo kwa barua pepe, na wanaona kazi imekwisha. Haijaisha. Chini ya sheria ya Umoja wa Ulaya hakuna hati ya serikali inayoitwa cheti cha RoHS, na mkaguzi wa soko akija hatakiulizia. Atauliza faili linaloonyesha, kipande kwa kipande, kwa nini unaamini kwamba kifaa chako hakina kilichozuiwa. Mwongozo huu ni wa kujenga faili hilo.

Nimefuata sheria ya Umoja wa Ulaya kwa sababu ndiyo iliyoigwa na nchi nyingi. Ukiielewa, za kwingine utazisoma kwa haraka.

Kinachozuiwa

Sheria ya kwanza, Agizo la 2002/95/EC, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2006 ikiwa na kemikali sita: risasi, zebaki, kadimiamu, kromiamu heksavalenti, na makundi mawili ya dawa za kuzuia moto zenye bromini yanayojulikana kwa vifupisho vya PBB na PBDE. Nafasi yake ikachukuliwa na Agizo la 2011/65/EU, ambalo ndilo linalotawala mpaka sasa. Mwaka 2015 zikaongezwa thaleti nne, yaani vilainishi vya plastiki: DEHP, BBP, DBP na DIBP. Hizi nne zilianza kuzuiwa tarehe 22 Julai 2019 kwa vifaa vingi, na tarehe 22 Julai 2021 kwa vifaa vya tiba na vyombo vya upimaji na udhibiti.

Jumla ni kumi. Kiwango cha juu ni asilimia 0.1 kwa uzito kwa kila moja, isipokuwa kadimiamu ambayo ni asilimia 0.01. Ripoti za maabara huandika kwa sehemu kwa milioni: 1000 kwa zile tisa, 100 kwa kadimiamu. Zikariri namba hizi mbili, maana utakutana nazo kila ukurasa.

Hatua ya 1: Hakikisha kifaa chako kimo ndani ya sheria

Kwa kawaida kimo. Tangu tarehe 22 Julai 2019 kundi la 11 linabeba kila kifaa cha umeme ambacho hakikutajwa katika makundi kumi ya mwanzo, mradi kimetengenezwa kwa volti zisizozidi 1000 za mkondo geu au 1500 za mkondo mnyoofu. Kiatu cha mtoto chenye taa kisiginoni kimo. Kabati lenye taa iliyojengewa ndani limo. Kebo inayouzwa peke yake nayo imo.

Vilivyotolewa ni vichache: zana za kijeshi, vyombo vya angani, vyombo vya usafiri wa watu au mizigo, mitambo mikubwa iliyofungwa mahali pamoja viwandani, vifaa vya tiba vinavyopandikizwa mwilini vikiwa na nguvu zake vyenyewe, paneli za jua zilizoundwa kufungwa na wataalamu katika eneo maalumu, na vingine vichache vya aina hiyo. Soma Ibara ya 2 mwenyewe kabla ya kudai kwamba umetolewa, na ukidai, andika sababu uiweke kwenye faili.

Usidhani kifaa kilichotumika kimesamehewa kwa sababu ni cha zamani. Kama hakijawahi kuingia kwenye soko la Ulaya, siku kinapoingia kinahesabiwa sawa na kipya. Tena kinachotazamwa ni kila kifaa kimoja kimoja, hata kama modeli yake inauzwa humo miaka mingi.

Hatua ya 2: Jua wewe ni nani mbele ya sheria

Hapa watu huteleza bila kujua. Ukileta bidhaa yenye jina la kiwanda, wewe ni mwagizaji. Kazi yako ni kuhakikisha mtengenezaji ameandaa nyaraka za kiufundi, alama ya CE (inayoonyesha kwamba kifaa kinafuata sheria za Umoja wa Ulaya) ipo, na kifaa kina namba ya aina au ya bechi. Jina na anwani yako viwe kwenye kifaa, au kwenye kifungashio au karatasi inayoambatana nacho pale ambapo kifaa chenyewe hakina nafasi. Nakala ya tamko la ulinganifu, yaani hati ambayo mtengenezaji anatamka kwamba kifaa kinafuata sheria, uitunze miaka 10.

Lakini ukiagiza bidhaa hiyohiyo ikabandikwa jina la duka lako, umekuwa mtengenezaji. Sheria haijali kwamba hujawahi kukanyaga kiwandani. Majukumu yote ya mtengenezaji yanahamia kwako: nyaraka za kiufundi ni zako, tamko unalisaini wewe. Hali ni ileile ukiibadilisha bidhaa kiasi cha kugusa ulinganifu wake, kwa mfano kuondoa kebo ya kiwanda na kuweka nyingine uliyonunua kwa bei nafuu.

Ukifahamu hivyo kabla ya kuagiza nembo yako ichapwe, utajua pia ni kiasi gani cha karatasi cha kudai kiwandani.

Hatua ya 3: Fungua kifaa, kitenganishe mpaka mwisho

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, kwa kuwa hapa ndipo sheria inapoeleweka au kupotoshwa.

Kiwango cha asilimia 0.1 hakipimwi kwa uzito wa kifaa kizima. Kinapimwa kwa kila nyenzo moja: nyenzo ambayo ni ileile mwanzo hadi mwisho, au ambayo huwezi kuitenganisha zaidi kwa kufungua, kukata, kusaga wala kukwangua. Ganda la waya ni nyenzo moja. Shaba iliyo ndani ni nyingine. Rangi iliyopakwa juu ya chuma ni moja, chuma chenyewe ni kingine.

Chukua taa ya mezani yenye uzito wa gramu 800. Tuseme bodi yake ya saketi imeunganishwa kwa lehemu ya zamani, ile ya bati asilimia 63 na risasi asilimia 37, na jumla ya lehemu yote ni gramu 1. Ndani yake mna gramu 0.37 za risasi. Ukigawanya kwa uzito wa taa nzima unapata asilimia 0.046, chini ya nusu ya kiwango, na muuzaji anaweza kukuandikia hesabu hiyo kwa moyo mweupe kabisa. Ukipima inavyotakiwa, yaani lehemu peke yake, risasi ni asilimia 37: mara 370 ya kinachoruhusiwa. Taa hiyo haifai kuuzwa.

Kwa hiyo nunua sampuli, ikate. Chukua waya wa umeme wa taa hiyo uutandaze mezani. Kuna ganda la nje, laini, mara nyingi la PVC. Ukilichana kwa kisu unakuta maganda mawili au matatu ya ndani, kila moja na rangi yake, na kila rangi ni nyenzo yake kwa kuwa rangi yenyewe inaweza kubeba kadimiamu au risasi. Ndani zaidi kuna nyuzi za shaba, pengine zimepakwa bati. Upande wa plagi kuna plastiki ngumu, pini za shaba nyeupe au ya njano, na utandu wa nikeli juu ya pini. Upande wa pili kuna kishikio cha mpira kinachozuia waya usivunjike unapoingia kwenye taa. Hapo tu, kabla hujagusa taa yenyewe, una nyenzo zaidi ya nane.

Ziandike zote katika jedwali: jina la kipande, nyenzo, rangi, kiwanda kilichokitengeneza, namba ya kipuri. Viwandani wana orodha ya vipuri wanayoiita BOM. Iombe, kisha uilinganishe na ulichokikuta mezani. Zikitofautiana, jibu la swali hilo ulipate kabla ya kulipa chochote.

Hatua ya 4: Panga vipande kwa hatari

Huna haja ya kupima kila skrubu. Kiwango cha EN IEC 63000:2018, kinachoeleza namna ya kuandaa nyaraka za kiufundi, kinakutaka upime hatari: uwezekano wa nyenzo hiyo kuwa na kemikali husika, na kiasi unachoweza kumwamini aliyeitengeneza. Kipande chenye hatari ndogo kutoka kwa mtengenezaji anayeaminika kinatosha kwa tamko lake la maandishi. Chenye hatari kubwa kinataka kipimo.

Kwa uzoefu wangu, macho huanza na plastiki laini. PVC ni ngumu kwa asili yake. Hulainika kwa kutiwa kilainishi, na kilainishi hicho huweza kufika robo au theluthi ya uzito wake. Kiwanda kikitumia DEHP, ganda la waya lina asilimia 25 au 30 ya kitu kinachoruhusiwa kwa asilimia 0.1 tu. Ndiyo maana kwenye thaleti matokeo mengi huwa wazi: ama namba ni ndogo sana, ama imepita mpaka kwa mara mia kadhaa. Ukikuta namba ya katikati, kama 1500 au 3000, fikiria uchafuzi. Thaleti huhama. Kipande safi kikikaa juu ya mkeka wa PVC, au kikipita kwenye mkanda wa kiwanda uliolainishwa kwa DEHP, kinaweza kunyonya kiasi cha kukiangusha. Muulize mwenye kiwanda vipande vyako vinakalia nini.

Baada ya plastiki laini, tazama lehemu. Mashine za viwanda vikubwa hutumia lehemu isiyo na risasi, ambayo aina yake maarufu ina bati asilimia 96.5, fedha 3 na shaba 0.5, na huyeyuka karibu na nyuzi 217 za selsiasi. Ile ya risasi huyeyuka kwa 183, ni rahisi kushika na hung'aa vizuri. Hivyo hata bodi ikitoka safi mashineni, fundi anayeunganisha waya kwa mkono mwishoni mwa mstari anaweza kuwa na kibiringo cha lehemu ya zamani mezani kwake. Lehemu za mkono zichunguze peke yake, hasa pale waya wa betri na wa swichi zinapokutana na bodi. Usitegemee mng'ao wake. Jicho halitoshi kutofautisha.

Plastiki nyeusi ngumu nayo ina historia. Nyingi imetokana na plastiki iliyorejelezwa, na sehemu ya malighafi hiyo ilikuwa maganda ya televisheni na kompyuta za zamani zilizojaa dawa za moto za aina ya PBDE. Kiwanda hakikuziweka, zilikuja na malighafi. Swali lako kwao: plastiki hii ni mpya au imerejelezwa, na kama imerejelezwa, imetoka wapi?

Skrubu na mabati yenye rangi ya manjano inayometameta kama mafuta juu ya maji huenda yamepakwa kromiamu heksavalenti. Rangi nyekundu, chungwa na njano za plastiki za bei ya chini huweza kuwa na kadimiamu. Swichi na rilei za zamani hutumia viunganishi vya fedha na oksidi ya kadimiamu. Zebaki siku hizi imebaki kwenye taa za mirija na swichi chache za kuinama.

Hatua ya 5: Dai karatasi, kisha zisome

Kwa kila kipande omba tamko la mtengenezaji wa kipande hicho. Tamko zuri linataja namba ya kipuri, linataja Agizo la 2011/65/EU pamoja na marekebisho ya 2015/863, linasema msamaha gani (ruhusa maalumu ya kisheria, tazama hatua ya 7) umetumika kama upo, na lina jina la mtu na tarehe. Tamko la sentensi moja, "bidhaa zetu zote zinafuata RoHS", usilipe uzito wowote.

Ripoti za maabara zinahitaji jicho kali zaidi. Ninapoletewa ripoti, mambo haya ndiyo ninayoyatafuta.

Picha ya sampuli. Je, ndicho kipande nilichokata mezani? Ripoti nyingi halali kabisa zinahusu kitu kingine: rangi nyeusi badala ya nyeupe, au chembe za plastiki ghafi kabla ya kutiwa rangi.

Idadi ya kemikali. Ripoti yenye sita peke yake haigusi thaleti, na haikusaidii kwa kifaa cha leo hata kama mhuri wake unang'aa.

Jina la mwombaji na tarehe. Ripoti ya kampuni usiyoijua, ya miaka mingi nyuma, inasema juu ya bechi ambayo haipo tena.

Njia ya kupima. Vipimo vyote vinapaswa kutaja IEC 62321, mfululizo wa viwango vya kimataifa vya kupima kemikali hizi: sehemu ya 4 kwa zebaki, ya 5 kwa risasi na kadimiamu, ya 6 kwa PBB na PBDE, ya 7 kwa kromiamu heksavalenti, ya 8 kwa thaleti.

Sampuli mchanganyiko. Hili hufichika kuliko yote. Ili kupunguza gharama, maabara inaruhusiwa kuchanganya vipande kadhaa na kuvipima kama kimoja. Ukichanganya maganda matatu ya waya yenye uzito sawa, na moja tu lina DEHP sehemu 2400 kwa milioni, matokeo yatasomeka 800. Ripoti itaandika "imepita", ilhali ganda moja limeshindwa vibaya. Ukiona maelezo ya sampuli yanasema "1+2+3", gawanya kiwango kwa idadi ya vipande. Matokeo yakizidi hapo, dai kila kipande kipimwe peke yake.

Mwisho, andikia maabara yenyewe uthibitishe namba ya ripoti. Maabara kubwa zina ukurasa wa kuhakiki. Ripoti za kughushi zipo, na kuibadilisha picha au tarehe kwenye PDF ni kazi ya dakika chache.

Hatua ya 6: Pima mwenyewe, na upime mzigo halisi

Kipimo cha kwanza ni cha eksirei, kijulikanacho kama XRF. Mashine ya mkononi inaelekezwa kwenye nyenzo na baada ya muda mfupi inatoa orodha ya elementi. Ni ya haraka, haiharibu kifaa, na kampuni nyingi za ukaguzi huja nayo kiwandani.

Elewa mipaka yake lakini. XRF inaona elementi, haioni kiwanja. Itakwambia kuna bromini, bila kujua kama ni PBDE au dawa nyingine ya moto inayoruhusiwa. Itakwambia kuna kromiamu bila kujua kama ni ile ya heksavalenti au ile isiyo na tatizo iliyomo kwenye chuma cha pua. Thaleti haizioni hata kidogo, kwa kuwa hizo ni kaboni, hidrojeni na oksijeni. Mtu akikuletea matokeo ya XRF peke yake kama ushahidi wa kemikali kumi, amekuletea ushahidi wa chini ya nusu.

Namba za XRF zina ukanda wa mashaka. Kwa risasi kwenye plastiki, chini ya takriban 700, ukishatoa kosa la mashine, unahesabu imepita. Juu ya takriban 1300, ukijumlisha kosa hilo, imeshindwa. Katikati lazima maabara iyeyushe sampuli na kupima kwa kemia. Kwa bromini kwenye plastiki, ikizidi takriban 300 peleka maabara. Skrubu yenye utandu wa kromiamu huchemshwa kwenye maji na kinachotoka hupimwa kwa eneo: zaidi ya mikrogramu 0.13 kwa sentimita ya mraba, kromiamu heksavalenti ipo. Chini ya 0.10, haipo.

Kuhusu sampuli yenyewe: usipime ile uliyotumiwa na idara ya mauzo. Ile ilichaguliwa. Mwambie mkaguzi achukue vifaa kutoka kwenye katoni zilizokwisha kufungwa, kutoka mwanzo, katikati na mwisho wa rundo, azifunge kwa muhuri na azipeleke maabara yeye mwenyewe. Salio la malipo lisubiri matokeo. Hakuna barua itakayokupa nguvu kuliko salio ambalo bado liko mikononi mwako.

Hatua ya 7: Misamaha, na tarehe zake

Kuna matumizi ambayo bado hayana mbadala mzuri, nayo yamesamehewa katika Kiambatisho cha III, na cha IV kwa vifaa vya tiba na upimaji. Mfano utakaokutana nao mara kwa mara ni msamaha 6(c), wa risasi hadi asilimia 4 katika aloi za shaba. Ndiyo maana pini za plagi zikionyesha risasi 25,000 kwa XRF usishtuke kwanza: asilimia 2.5 ndani ya shaba ya njano inaweza kuwa halali. Namba ileile kwenye plastiki ya plagi hiyohiyo ni kosa.

Misamaha ina mwisho. Taa za mirija ya fluoresenti zilitegemea msamaha wa zebaki kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2023 misamaha ya aina nyingi za kawaida ilipokoma: taa ndogo zenye balasti ndani mwezi Februari, mirija ya T5 na T8 mwezi Agosti. Mzigo uliokuwa ungali baharini siku hiyo ulikuta mlango umefungwa. Kwa kila msamaha unaoutegemea andika namba yake, kipande kinachohusika, na tarehe ya mwisho, kisha soma toleo jipya la kiambatisho kila unapotaka kuweka oda nyingine. Mara nyingine tarehe inaonekana imepita na msamaha bado uko hai, kwa sababu maombi ya kuurefusha yaliwasilishwa kwa wakati na uamuzi haujatoka. Hilo nalo liwekee ushahidi.

Hatua ya 8: Funga kila kitu kwenye mkataba

Hapa maneno ni machache. Oda itaje kiwango na kemikali zote kumi. Kiwanda kisibadilishe kipuri, malighafi wala muuzaji wake bila idhini yako ya maandishi. Mabadiliko ya kimyakimya ndiyo yanayoangusha bidhaa iliyofaulu mwaka jana. Uwe na haki ya kuchukua sampuli wakati wowote. Gharama za kurudisha au kuteketeza mzigo ulioshindwa ziandikwe ni za nani.

Hatua ya 9: Jenga faili, saini tamko, weka alama

Faili la kiufundi ni jedwali lako la hatua ya 3 likiwa limekamilika: kila nyenzo, daraja lake la hatari, ushahidi wake, msamaha wake kama upo. Ongeza maelezo ya jumla ya bidhaa, michoro, picha na ripoti. Mgeni akilifungua aweze kunyoosha kidole kwenye ganda la bluu la waya na kupata ushahidi wake bila kukuuliza.

Tamko la ulinganifu ni ukurasa mmoja: utambulisho wa kifaa, jina na anwani ya mtengenezaji, kauli kwamba linatolewa kwa wajibu wake peke yake, sheria na viwango vilivyofuatwa, mahali, tarehe, jina, cheo na saini. Kwa RoHS hakuna taasisi ya nje inayolazimika kulithibitisha. Mtengenezaji hujitangazia mwenyewe, na kwa hiyo lawama yote ni yake. Kifaa chenye sheria nyingine, kama za usalama wa umeme au mawimbi ya redio, huzitaja zote katika tamko hilohilo.

Alama inayotakiwa ni CE. Majani ya kijani na maandishi ya "RoHS" kwenye boksi hayana nguvu yoyote kisheria. Alama ya pipa la taka lililokatwa kwa alama ya X ni ya sheria nyingine, ya taka za elektroniki, nayo pia inatakiwa. Betri zina kanuni yake, 2023/1542, na vifungashio vina yake. Visichanganywe kwenye jedwali hili.

Ukiuza kwingine, angalia tofauti. China inataka jedwali la kemikali na alama ya miaka ya matumizi salama kwenye bidhaa. Falme za Kiarabu zina uamuzi wao wa mwaka 2017, na huko hati kutoka kwa mamlaka inatakiwa kweli. Uingereza ina kanuni zake zenye orodha ileile ya kemikali kumi.

Mzigo ukishindwa

Usiuze kidogo kidogo ukisubiri kuona. Zuia katoni zote za bechi hiyo, ziwekee alama, na uandike namba zake. Kama hakuna kilichokwisha kuingia sokoni, una njia tatu: kurudisha kiwandani, kubadilisha kipande kilichoshindwa, au kuharibu kupitia kampuni yenye kibali cha taka hatarishi. Waya wa umeme unaochomolewa hubadilishwa kwa urahisi. Lehemu ya bodi nzima haibadilishiki kwa maana yoyote ya kibiashara.

Kama vifaa vimeshauzwa, sheria inakutaka uchukue hatua mara moja: urekebishe, uviondoe sokoni au uviite virudi, na uijulishe mamlaka ya nchi ulikouza ukieleza kasoro na ulichofanya. Tunza daftari la vifaa vilivyoshindwa na vilivyoitwa virudi, na uwajulishe wauzaji wako. Lehemu yenye risasi huonekana mara kwa mara kwenye taarifa za Safety Gate, mfumo wa Umoja wa Ulaya wa kutangaza bidhaa hatari, ukiwa na picha na jina la modeli kwa kila mtu kuona.

Na usiwauzie wauzaji wa mitaani mzigo ulioshindwa kwa bei ya chini. Kifaa hicho siku moja kitatupwa, na mtu atauchoma waya wake apate shaba, mara nyingi watoto wakiwa jirani. Risasi huharibu ubongo unaokua, na kwa watoto hakuna kiwango chake mwilini kinachojulikana kuwa salama. Chukua hati ya uharibifu kutoka kwa kampuni iliyouteketeza, ibandike nyuma ya ripoti iliyoshindwa kwenye faili la bechi hiyo, kisha mwandikie kiwanda ukitaja namba ya kipuri, namba ya ripoti na ibara ya mkataba inayohusu gharama.